SOMO: KAMERA NA MATUMIZI YAKE



Wengi wenu mlikimbia bila kubeba hata picha moja ya jamaa zenu. Leo kamera ya dijitali imo ndani ya simu nyingi hapa kambini. Somo hili linaeleza kamera ilikotoka, inavyofanya kazi, na jinsi ya kupiga picha ambayo mtu akiiona atasema mara moja: "Huyu namfahamu."

1. Kamera ilianzaje?

Neno kamera latoka katika Kilatini, na maana yake ni chumba. Kamera ya mwanzo ilikuwa chumba kweli, chenye giza na tundu dogo ukutani. Mwanga unaopita tunduni huchora kwenye ukuta wa pili sura ya vitu vya nje, kichwa chini miguu juu. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra, Iraki, alichunguza mwanga wa namna hii yapata miaka 1000 iliyopita. Ukikaa ndani ya nyumba yenye giza na tundu moja dogo, wakati jua ni kali, huenda ukajionea mwenyewe.

Lakini sura hiyo ilipotea mwanga ulipopotea. Mnamo 1826 au 1827, Mfaransa Nicéphore Niépce aliinasa kwenye bamba la madini lililopakwa lami. Picha moja ilichukua saa nyingi. Mwaka 1839 njia ya Louis Daguerre, iliyohitaji dakika tu, ilitangazwa mjini Paris. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ndogo yenye filamu ya kutosha picha 100, na watu wa kawaida wakaanza kujipigia picha.

Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Picha ile ilikuwa na nukta 10,000 tu. Picha ya simu ya leo ina mamilioni ya nukta.

2. Kamera ya dijitali hufanyaje kazi?

Nyuma ya lenzi kuna kibamba kidogo chenye nukta nyingi. Kila nukta hupima mwanga unaoifikia, na vipimo hivyo huandikwa kama tarakimu. Kwa hiyo picha ya dijitali ni tarakimu tupu. Faida yake: unaweza kuinakili mara nyingi bila kuiharibu. Hasara yake: simu ikiibwa au kadi ikiharibika, picha zote huenda kwa pamoja.

3. Jinsi ya kupiga picha ya mtu

(a) Futa lenzi kwa kitambaa laini na safi. Vumbi na alama za vidole hutia ukungu.
(b) Angalia mwanga. Usimweke mtu jua likiwa nyuma yake. Uso utakuwa mweusi. Jua la mchana hutia kivuli machoni. Asubuhi, jioni, au kivulini mlangoni ni bora. Chini ya turubai la buluu uso huonekana wa buluu, basi tokeni nje.
(c) Sogea karibu. Kwenye simu nyingi, kukuza picha kwa vidole huipunguzia ubora. Ukimpiga mtoto, chuchumaa ulingane na macho yake.
(d) Shika kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu. Penye mwanga hafifu kamera hupokea mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika picha hufifia.
(e) Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kwanza, kisha piga. Kwa kamera ya kawaida, bonyeza kitufe nusu, ngoja kidogo, kisha malizia.

4. Kwa nini tujifunze haya?

Baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda mwaka 1994, maelfu ya watoto walitengana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo mno kutaja majina yao. Mashirika yaliwapiga picha na kuzibandika kwenye mbao kambini ili jamaa wazitazame. Picha ilisema pale mtoto aliposhindwa kusema.

Kwa hiyo, mzazi, piga picha ya kila mtoto wako, uso ukitazama mbele. Rudia kila baada ya miezi michache, kwani watoto hubadilika. Piga pia kadi ya mgao na vyeti, pembe zote nne zikionekana. Picha haichukui nafasi ya cheti chenyewe, lakini husaidia kukumbuka namba yake.

5. Kutunza picha

Weka nakala mahali pawili: kwenye simu au kadi yako, na kwa ndugu unayemwamini. Ukiweza, chapisha moja kwenye karatasi, andika nyuma jina na tarehe, uifunge ndani ya plastiki.

6. Heshima na usalama

• Omba ruhusa kabla ya kupiga. Mtu akikataa, usipige.
• Usisambaze picha ya mtu anayeogopa kutafutwa. Hata ukuta ulio nyuma yake waweza kuonyesha anapokaa. Zima pia sehemu ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa.
• Usipige picha za polisi, askari wala vizuizi vya barabarani.
• Mtoto akipotea, nenda haraka kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto au Msalaba Mwekundu ukiwa na picha yake. Usianze kwa kuisambaza kwa watu usiowajua.

Zoezi: Mpige mtu mmoja wa nyumbani picha mbili, moja akiwa amelipa jua mgongo, nyingine akiwa kivulini mlangoni. Mwonyeshe jirani. Ni ipi ingemwezesha kumtambua mtu huyo baada ya miaka mitano?