Kushona Bibu za Mtoto kwa Khanga Kuukuu

Wenzangu, msicheke mkiona mvulana wa Kidato cha Nne anaandika habari za bibu. Mafundi cherehani wa barazani wengi ni wanaume, wala hakuna awachekaye. Nami ninayo sababu. Dada yangu alijifungua, kisha akarudi darasani kwa ruhusa waliyopewa wasichana kama yeye na Serikali mwezi wa Novemba 2021. Mtoto hubaki nyumbani kwetu Mkata, kwa mama. Wilaya yetu ya Handeni imejulikana tangu zamani kwa shida ya maji, na mtoto aotaye meno hutoka udenda mchana kutwa. Asipovaa kitu kifuani, hulowesha nguo tatu nne kwa siku, na zote zataka kufuliwa. Tena shingo ikikaa na unyevu hufanya upele. Bibu ni kitambaa kidogo, maji ya kuifulia ni machache.

Kitambaa kifaacho ni khanga kuukuu. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, haifyonzi maji vizuri; ile iliyofuliwa miaka mingi ni laini na huyanywa mara moja. Huchakaa kwanza katikati, mahali pa kukalia, lakini kandokando penye pindo hubaki na nguvu. Huko ndiko nilikokata, nikapata bibu sita katika khanga moja. Mama alikataa jina la khanga lisionekane kifuani mwa mjukuu wake, maana lilikuwa la kumsuta jirani! Nikaligeuza likawa upande wa ndani.

Ukitumia nguo ya mtumba, ijaribu kwanza kwa tone la maji. Likienea upesi, nguo yafaa. Likibingirika kama juu ya jani la gimbi, iache, kwani udenda utateremka mpaka kwenye nguo ya mtoto.

Chora bibu juu ya gazeti, urefu sentimita 28 na upana 22. Duara la shingo lipime kwa mdomo wa kikombe, kisha kata mlango wake upande wa nyuma. Kwa kila bibu kata vipande viwili. Viweke nyuso zikitazamana, ushone sentimita moja kutoka ukingoni, ukiacha mwanya wa vidole vitatu. Kabla ya kuigeuza, tia mikato midogo katika upinde wa shingo bila kugusa uzi. Ukiruka kazi hii shingo hujikunja, hata upige pasi namna gani. Kisha geuza, ziba mwanya, na upitishe mshono mmoja wa juu kuzunguka bibu yote. Sindano ya mkono yatosha.

Sasa kifungo, na hapa ndipo sharti tuwe waangalifu kuliko pengine pote. Kamba ndefu iliyofungwa fundo yaweza kunasa mahali ikamkaba mtoto. Kifungo cha shati kikilegea ataking'oa akimeze. Mimi nilitumia mkanda wa kunatana uliobanduliwa kutoka viatu vibovu, nikaufua kwa sabuni. Ukivutwa kwa nguvu huachia wenyewe. Hata hivyo mtoto asilazwe na bibu shingoni. Mama amepiga msumari karibu na kitanda, na kila amlazapo mtoto huitundika hapo.