Maji ya Nairobi na Watu Wajao

Msomaji na alinganishe tarakimu hizi. Bwawa la Ndakaini katika Murang'a, liipatialo Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, lilikamilika mwaka 1994. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 ilipata wakazi zaidi ya milioni 2 mjini. Ile ya mwaka 2019, zaidi ya milioni 4. Nyumba ya ghorofa yaweza kusimama kwa mwaka mmoja au miwili, bali bwawa hutaka ardhi ipimwe, wenye mashamba walipwe haki yao, ukuta ujengwe, mabomba yalazwe, kisha mvua ingojewe. Kwa hiyo mpango wa maji hauna budi kuwahesabu hata wasiozaliwa bado. Handaki la karibu kilomita 12 limekwisha kuchimbwa kuleta maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati hadi Ndakaini. Walakini mitaani wangaliko wanunuao maji kwa mtungi.