Picha ya Sabuni na Ngozi ya Mtu

Mwezi huu na tujifunze kusoma tangazo la biashara. Wengi husema tangazo halisomwi, hutazamwa tu, kisha mtu hupita zake. Nguvu yake imo humo. Mwalimu aingiapo darasani twajua ya kuwa amekuja kufundisha, nasi twaweza kumwuliza maswali, hata kumbishia; bali picha iliyobandikwa dukani hufundisha bila kujitaja kuwa ni mwalimu, wala hapana aiulizaye neno.

Tuanze na picha moja. Katika miaka ya 1880 wenye sabuni ya Pears huko Uingereza walitoa tangazo lenye picha mbili. Katika ya kwanza mtoto wa Kiafrika yumo katika beseni, na mtoto wa Kizungu amesimama kando yake na sabuni. Katika ya pili yule wa Kiafrika ametoka majini, na mwili wake umekuwa mweupe, ila uso tu umebaki mweusi. Ilikusudiwa kuchekesha. Lakini angalieni jinsi inavyofanya kazi. Haikuandikwa po pote kwamba ngozi nyeusi ni uchafu. Kama ingaliandikwa, mtu angaliweza kulijibu neno hilo. Sabuni huondoa nini? Huondoa taka. Basi ikionyeshwa inaondoa weusi, mtazamaji mwenyewe huimaliza hesabu, na jawabu alilolipata kwa akili yake hulishika kuliko lile aliloambiwa na mwingine.

Wala nisipite bila kutaja mafuta. Viwanda vya sabuni vya Uingereza vilitumia mawese kutoka Afrika Magharibi, na mwaka 1911 William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alipewa na serikali ya Ubelgiji ruhusa ya kupata mawese katika Kongo. Watu wa huko walipanda michikichi na kukata mikungu yake, na wengi walifanya hivyo kwa kulazimishwa. Yule aliyechorwa kama mtu asiyejua sabuni ndiye aliyetoa mafuta yake! Mwaka 1917 kampuni ya Lever ikainunua na Pears pia, na mwaka 1930 ikaungana na nyingine, ikaitwa Unilever.

Mwaka 1975 tawi la kampuni hiyo katika India lilianza kuuza krimu ya kung'arisha uso iitwayo Fair & Lovely. Hapa somo la rangi liliunganishwa na somo la mwanamke. Katika tangazo moja baba ahuzunika kwa kuwa hana mwana wa kiume wa kumtunza. Binti yake apaka krimu, awa mweupe, apata kazi ya kuwahudumia abiria wa ndege, na nyumba yafurahi. Binti huyo alihesabiwa makosa mawili, kwanza kwamba si mvulana, tena kwamba si mweupe. La kwanza halina dawa, bali la pili lauzwa dukani. Elimu yake haikuhesabiwa. Chama cha wanawake wa India kilishtaki, na tangazo likaondolewa mwaka 2003. Krimu yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2020, ikaitwa Glow & Lovely, bali yaendelea kuuzwa.

Kwetu sisi jambo hili laitwa mkorogo. Serikali ya Tanzania imekataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na mapatano ya mataifa yaitwayo ya Minamata, ya mwaka 2013, yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hata hivyo makopo yangali yakipatikana. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha madoa meusi ya samawati usoni, yaani ngozi hulipa deni kinyume cha ahadi.

Lakini tusiwalaumu wenye viwanda peke yao. Wazee waendao kuposa wakirudi na kusema, "Binti ni mzuri, ni mweupe," nao wametangaza biashara ile ile, tena bure. Shangazi amwambiaye bibi arusi ajipake kabla ya harusi, yeye ni bango lililo hai.

Viongozi wa vikundi vya akina mama na vya vijana, katika somo hili leteni tangazo moja au kopo moja. Funikeni maneno, mtazame picha peke yake. Ulizeni: nani ameonyeshwa mwanzo, na nani mwisho? Mwanamke anafanya kazi gani, na mwanamume gani? Kisha fungueni maneno madogo yaliyo nyuma ya kopo, mtafute orodha ya dawa zilizomo. Kama haipo, kopo lisitumiwe. Walio wajawazito waambiwe kwanza, kwa maana zebaki hupita mpaka kwa mtoto aliye tumboni.