Daftari Lililo Ndani ya Simu Yako

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Katika masoko ya Mkoa wa Singida, kwa wauzaji wa mafuta ya alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji, daftari hilo mara nyingi lipo, ila mwenye biashara hajui kuwa analo. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, na tangu hapo kila malipo yanayopita katika simu huacha kumbukumbu ya siku, saa, kiasi na jina la mlipaji. Kampuni ya simu huzisoma kumbukumbu hizo. Watoaji wa mikopo midogo kwa simu nao huzitumia kupima kiasi ambacho mteja anastahili kukopeshwa. Asiyezisoma ni mwenye biashara mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mama anayenunua mafuta ya alizeti kwa wakamuaji wa Kiomboi na kuyauza kwa njia mbili. Chupa za lita moja huwauzia wapita njia, nao hulipa papo hapo. Madumu ya lita 20 huwakopesha mama lishe na wakaanga chipsi, wamlipe mwisho wa wiki. Bei tunazozitaja ni za kielelezo tu. Dumu hulinunua kwa shilingi 66,000 na kuliuza kwa shilingi 80,000. Kwa hiyo huamini kwamba madumu ndiyo yanayoibeba biashara, maana kila moja humwachia shilingi 14,000. Mwezi mmoja alikopesha madumu 10, na wateja wawili waliochukua dumu moja moja hawakulipa. Alitoa shilingi 660,000, akapokea shilingi 640,000. Amepata hasara ya shilingi 20,000 wala hakuihisi, kwa kuwa fedha za chupa ziliingia katika simu ileile, pamoja na ada ya mtoto iliyotumwa na mjomba wake, zikalifunika pengo.

Mama huyu haihitaji programu ya gharama kubwa. Kwanza atenge namba ya biashara na namba ya nyumbani. Namba ya malipo ya mfanyabiashara, ile ambayo watu wengi huiita Lipa Namba, inafaa sana kwa kazi hiyo. Kisha kila jioni aandike mambo matano: tarehe, bidhaa, kiasi, bei, na kama amelipwa au anadai. Mwenye simu janja aweza kuandika katika jedwali la simu, ambalo hujumlisha lenyewe. Mwenye simu ndogo ya vitufe, maarufu kama kitochi, aandike katika daftari la shule na kulinganisha na taarifa ya miamala anayoomba kwa kampuni yake ya simu. Kwa maoni yetu, daftari la karatasi linaloandikwa kila siku lina faida kuliko programu iliyofunguliwa mara mbili ikaachwa.

Mwisho wa mwezi ndipo maswali yanapoulizwa. Nani huchelewa kulipa, na kwa siku ngapi? Baada ya kulipa nauli, vifungashio na madeni yasiyolipwa, ni bidhaa ipi inayobakiza faida? Rekodi za mwaka mzima huonyesha zaidi: alizeti huvunwa katikati ya mwaka, na bei ya mafuta hubadilika kadiri mbegu zinavyopungua maghalani. Aliyeandika bei zake za mwaka jana hujua lini aweke akiba ya madumu na lini asifunge mtaji wake. Tena, utaratibu wa kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo humtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo, na afisa mikopo wa benki huona urahisi kumsikiliza mwenye mauzo yaliyoandikwa.

Daftari hili lina majina ya watu, na hapo tunaomba uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililozikusanyia. Namba ambayo mteja alikupa ili umjulishe mafuta yamefika si yako kuigawa. Wala usibandike majina ya wadaiwa wale wawili katika kundi la WhatsApp la mtaa, hata kama hasira ina haki yake. Mwite mdaiwa faragha, na deni likishindikana yapo mabaraza na mahakama.

Wewe pia una taarifa za kulindwa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Programu ya mkopo inayodai ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu yako, ikatae.

Weka nakala ya jedwali nje ya simu, maana simu huibwa na huanguka majini. Usimpe mtu namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa mtoa huduma. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma aifute. Ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040.