Elektroni Mbili za Zebaki na Afya ya Mchenjuaji wa Dhahabu

Huko Rwamgasa, mkoani Geita, mchenjuaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, akapata donge la rangi ya fedha, kisha hulichoma. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa zebaki wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa (UNIDO) uliwapima afya watu wa eneo hili; wachomaji wa donge walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Kwa nini uchomaji uwe hatari kuu? Jibu limo ndani ya atomu.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba elektroni huzunguka kiini cha atomu katika njia maalumu. Mfano wake umerekebishwa tangu hapo, lakini wazo la elektroni kupangwa katika maganda lingali linatufaa. Dhahabu ina elektroni 79, zilizopangwa 2, 8, 18, 32, 18 na 1. Zebaki inazo 80: 2, 8, 18, 32, 18 na 2. Tofauti ni elektroni moja tu, lakini athari yake ni kubwa. Zile mbili za nje za zebaki ni jozi kamili, nazo huvutwa kwa nguvu na kiini. Kwa hiyo atomu za zebaki hushikana kwa ulegevu. Ndiyo maana zebaki ni kimiminika, hutoa mvuke hata pasipo moto, na huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii. Takriban asilimia 80 ya unaovutwa huingia katika damu. Kwa kuwa atomu hizo hazina chaji, hupenya hadi kwenye ubongo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma. Ndani ya seli, kimeng'enya cha katalasi huziondolea elektroni zile mbili. Sasa zina chaji, hunasa kwenye salfa ya protini, wala hazitoki kwa urahisi. Ubongo na figo huumia.

Mhudumu wa afya, akikujia mgonjwa anayetetemeka mikono, msahaulifu, mwenye hasira zisizo kawaida yake au fizi zilizovimba, usimhesabu mlevi, wala asiambiwe amerogwa, kabla hujamwuliza: Je, unachoma dhahabu? Wapi? Nani huwa karibu? Kipimo cha mkojo kitasaidia, lakini tiba ya kwanza ni kumtenga na mvuke.

Nawe mchenjuaji, usichome donge jikoni wala karibu na watoto. Tumia retoti, chombo cha chuma kilichofungwa ambacho hupoza mvuke na kuurudisha kuwa kimiminika, tena mahali pa wazi, mbali na makazi. Zebaki iliyobaki chomboni ni zebaki isiyofika kwenye ubongo wa mwanao.