Mkono wa Winchi ya Hewa: Ukiuachia, Lazima Urudi Katikati

Kisima kikifika kwenye mwamba, wengi hukodi kompresa ya kuvunjia mawe. Kompresa hiyo hiyo yaweza kuendesha winchi ya kuvuta ndoo za mawe. Lakini kabla mtu hajashuka shimoni, anayeshika winchi aielewe valvu, yaani kile kifaa chenye mkono wa kusukumwa mbele na nyuma.

Hewa hutoka kwenye kompresa ikiwa na presha ya pauni 100 hivi, karibu mara tatu ya tairi la gari dogo. Inafika kwenye valvu na kungoja. Ndani mna chuma chenye mifereji, kinachoteleza. Mkono ukiwa katikati, njia ya hewa imezibwa. Ukisukuma, mfereji unafunguka, hewa inaingia upande mmoja wa mota, inasukuma vibao vilivyo ndani na kutokea upande wa pili. Ndiyo ile kelele! Ukivuta, njia zinabadilishana, mota inazunguka kinyume na ndoo inashuka. Ukisukuma kidogo tu, ndoo inaenda polepole.

Na breki je? Winchi nzuri iko na breki kama ile ya kuegeshea lori: hewa huifungua, springi huifunga. Paipu ikipasuka, breki inajifunga yenyewe. Muulizeni mwenye winchi. Kama yake haina, msiikodi.

Kila asubuhi, shimo likiwa tupu, jaribuni hivi. Inueni ndoo yenye mawe kimo cha goti, kisha achia mkono. Springi iurudishe katikati mara moja na ndoo isimame. Halafu fungeni hewa kule kwenye kompresa na kuitoa iliyobaki kwenye paipu. Ndoo ikiteremka hata kidogo, hakuna kazi leo.

Kuna watu hufunga mkono wa valvu kwa kamba ili wasichoke. Hapana! Jiwe likikwama, mota ya hewa husimama bila kuungua, nawe waweza kudhani imezimika. Jiwe likijinasua, winchi inaruka kwa nguvu yote.

Valvu hukwama kwa sababu ya maji na vumbi. Mwageni maji ya tangi la kompresa kila siku, na muweke oili nyepesi ya vifaa vya hewa, si grisi. Winchi ya mizigo haibebi watu. Mchimbaji apande na kushuka kwa ngazi.