Ardhi Hainywi Umeme

Mafundi wengi wanaamini kwamba umeme ukivuja, waya wa kijani na njano huupeleka chini ukapotelea udongoni. Imani hiyo imewafanya wengi waridhike na nondo yoyote iliyochimbiwa nyuma ya karakana. Tuanze basi na jambo la msingi: umeme haupotelei popote.

Mkondo unaotoka kwenye transfoma lazima urudi kwenye transfoma ileile. Kwa kawaida huja kwa waya wa moto, hupita ndani ya mota ya grenda, kisha hurudi kwa nyutro. Lakini kule kwenye transfoma nyutro imeunganishwa na ardhi kwa makusudi. Kwa hiyo udongo nao ni njia ya kurudi. Njia mbovu yenye ukinzani mwingi, lakini ni njia. Ndiyo maana aliyesimama peku sakafuni hupigwa na umeme hata akigusa waya mmoja tu.

Sasa fikiria grenda ya mezani yenye bodi ya chuma. Mtikisiko umechubua waya wa moto ndani yake mpaka ukagusa bodi. Kama haina waya wa ardhi, itaendelea kuzunguka vizuri tu, huku bodi ikiwa na volti 230. Mwili wa fundi mwenye jasho tuukadirie omu 1,000. Gawanya 230 kwa 1,000, utapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Mkondo unaozidi miliampea 30, ukidumu, unaweza kuua.

Tuseme nondo ya shaba ipo, ila udongo ni mkavu, na njia nzima ya kurudi ina omu 20. Volti 230 kwa omu 20 ni ampea 11.5. Saketi breka ya ampea 32 haitashtuka, kwa kuwa kwake huo ni mzigo wa kawaida kabisa. Mkondo utapita saa nzima, siku nzima. Sehemu kubwa ya joto itaishia udongoni kuzunguka nondo, na hapo haina madhara makubwa. Hatari iko kwenye kiungo kilicholegea. Joto huongezeka kwa mraba wa mkondo: kiungo chenye omu 1 kitatoa 11.5 mara 11.5, yaani wati 132, mahali padogo kama punje ya hindi. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya chuma cha kulehemu cha wati 60. Weka hapo matambara yenye oili au unga wa mbao, na moto umeshapata pa kuanzia.

Kazi halisi ya waya wa ardhi, basi, ni kuupa mkondo njia rahisi mno ya kurudi, mpaka breka ilazimike kukata. Njia ikiwa ya nusu omu, mkondo unafika ampea 460, na breka inakata mara moja. Nondo peke yake katika udongo mkavu haiwezi kufikia hapo. Hapo panahitajika swichi ya kunasa uvujaji, ile yenye kitufe kidogo cha majaribio. Hupima mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Breka ibaki palepale, maana swichi hiyo haijali mzigo uliozidi.

Moto ukishawaka, zima meinswichi kwanza, kisha tumia kizimamoto cha unga au cha kabonidayoksaidi. Maji yaache, kwa sababu yanapitisha umeme hadi kwa anayemwaga.

Kama wewe ni mwenye karakana, acha kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti. Nyaya mbili zinazoingia hivyo zinaiacha mashine bila ardhi. Kaza viungo. Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, na mwite fundi umeme mwenye kipimo akusomee ukinzani wa ardhi yako wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu.